Mzee Théoneste Alivuka

Ukungu wa ziwa Kivu hauna haraka. Hupanda kutoka majini polepole, ukameza kwanza mitumbwi, kisha mitende ya barabara ya ufukweni, kisha lango la nyumba ndogo ya wageni ya Gisenyi, mpakani mwa Rwanda na Kongo, ambako Laurence anakaa mapokezi. Asubuhi za namna hiyo wageni hawatoki vyumbani, na aliyeko mlangoni humwoni mpaka awe ameshaingia.

Laurence ni mama wa miaka arobaini na kitu, mpana wa uso, mwepesi wa kucheka. Alizaliwa Karagwe, upande wa Tanzania, wazazi wake wakiwa wakimbizi, akarudi nao Rwanda akiwa binti. Ndiyo maana Kiswahili chake kimenyooka, na wauza sambaza wa mtaa wa Mbugangari, anakokaa, humwita Mama Redio. Wanasema akiuliza bei ya fungu moja la samaki, mtu hudhani vita vimetangazwa.

Kazi ya mapokezi ni kungoja. Wengine wakingoja husinzia, wengine hufuma vitambaa. Laurence huhariri kamusi elezo ya mtandaoni, ile ambayo yeyote anaweza kuiandika na yeyote anaweza kuiharibu. Halipwi kitu. Ameandika humo habari za visiwa, za ndege, za wachezaji wa mpira, na hasa za watu wa huku mpakani ambao hakuna mwingine angewakumbuka. Ni mpole kwa kila jambo isipokuwa moja: habari ya mtu lazima iwe na chanzo. Alizaliwa wapi, nani kasema? Alioa lini, imechapishwa wapi? Pasipo jibu, hufuta, hata kama habari yenyewe ni tamu.

Nyuma ya nyumba ile kuna bonde dogo lililozungushiwa waya. Humo hulala mazuku, ile hewa mbaya itokayo ardhini katika nchi hii ya volkano. Kuku akishuka humo hapandi. Mtu mzima aliyesimama hupita asidhurike, lakini kilicho kifupi hulala.

"Sentensi isiyo na chanzo ni mazuku," Laurence alimwambia siku moja Rugwiro, mtunza bustani. "Huioni, hainuki. Imelala pale chini inamngoja aliye mfupi."

"Mama Redio," Rugwiro akajibu, "we hata uji ukiunywa unauliza chanzo."

Basi asubuhi moja ya ukungu akainua macho kutoka kwenye kompyuta, akaona mzee amesimama mbele ya meza. Hakusikia mlango. Hakusikia viatu. Mbwa wa nyumba, ambaye humbwekea hata Rugwiro aliyemlea, alikuwa amelala kizingitini na kichwa juu ya miguu, kana kwamba hakuna aliyemruka. Mzee alikuwa na koti la mvua, na kofia ameishika mkononi. Maji yalimtiririka kwenye nyusi.

"Shikamoo, mzee."

"Ah. We ni wa Tanzania." Alitabasamu kidogo. "Bon, marahaba. Banasema hapa iko mama mwenye anaandikaka mule kwa internet. Ile kitabu ya watu."

"Ni mimi. Karibu ukae. Nikusaidie nini?"

Mzee hakukaa. "Naomba unitoe mule. Mule ndani mi nilishakufa."

Laurence alimwuliza jina. Théoneste Barihuta. Alilijua, kwa maana ukurasa wa jina hilo ulikuwa mmoja wa zile fupi alizokuwa akizilinda zisichafuliwe. Akaufungua. Ikatokea picha ya kijana mwembamba mwenye gitaa, amesimama na wanakwaya waliovaa kanzu nyeupe. Akamtazama kijana, akamtazama mzee. Sikio moja lilikuwa limechomoza zaidi ya jingine, kwenye picha na mbele ya meza.

"Soma kwa sauti, mama. Macho yangu haifike."

Laurence akasoma, na kadiri alivyosoma sauti ikawa inampungua. "Théoneste Barihuta, aliyezaliwa Goma mwaka 1953 na kufariki 2009, alikuwa mwimbaji na mtunzi wa Kwaya ya Umande. Alikuwa..."

"Nilikuwa?" mzee akauliza.

Ukungu ulikuwa umefika dirishani.

Ndipo mzee akakaa, akaeleza. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Belise. Volkano ilipomwagika Goma mwaka 2002, mama yake Belise alimchukua mtoto wakakimbilia kusini, wakafika hadi Lubumbashi, na habari zikakatika. Miaka mingi. Mwaka huu mama mmoja muuza vitenge wa Petite Barrière, lile lango la mpakani, mwenye ndugu Lubumbashi, alimpatia namba ya simu ya Belise. Mzee akapiga kwa furaha.

"Ngoja usikie mwenyewe," akasema. Akabonyeza simu, akaiweka mezani, sauti wazi.

Ikalia. Ikapokelewa. Nyuma kulikuwa na sufuria zinagongana na mtoto anacheza.

"Allo?"

"Belise. Ni baba."

Sufuria zikanyamaza. Ikasikika pumzi ya mwanamke, karibu sana, kana kwamba yuko pale pale chini ya meza.

"Nilikuambia usipige tena. Baba yangu alikufa 2009. Iko kwa internet, na picha yake. Matanga tulifanya, mutoto tukamupa jina yake. Kwa jina ya Yesu, kama we ni mutu, ogopa Mungu. Kama we si mutu, rudia kwenye ulitoka."

"Belise, mwanangu, hii ni sauti yangu..."

"Siku hizi hata sauti ya mufu banaitengenezaka na mashine!" Alikuwa analia sasa. "Uko muzima? Bon. Enda kule kwenye banakuandika mufu, baandike uko muzima. Siku ile nitakusikia."

Kabla simu haijakatika, mwanamke aligeuka akamwita mtoto wake, kwa sauti ile ile ya machozi: "Théo! Kuya hapa!"

"Karame," mzee akaitika upesi, kama watoto wa Kinyarwanda wanavyoitika wakiitwa na mkubwa. Kisha akagundua aliyeitwa si yeye. Simu ilikuwa imeshakufa.

Laurence alivuta kompyuta karibu. Hakungoja. Akafungua sehemu ya kuhariri, akafuta kifo, akafuta chanzo chake, akabadilisha "alikuwa" ikawa "ni", akaandika sababu kwamba mwenyewe yuko mbele yake, akahifadhi. Akaenda kumtengenezea mzee chai. Aliporudi na kikombe, Rugwiro alikuwa amesimama nyuma ya meza anachungulia kompyuta.

"Mama, amekufa tena," akasema Rugwiro.

Kweli. Ukurasa ulikuwa umerudi kama ulivyokuwa. Kwenye majadiliano ya wahariri kulikuwa na ujumbe wa Jovia, mhariri mwenzake wa Bukoba: "Dada Laurence, chanzo kilichopo kinasema alifariki. Umekiondoa bila kuweka kingine. Umeandika kwamba mhusika amesimama mbele yako. Mtu aliyesimama mapokezi si chanzo."

Laurence aliyatambua maneno yale. Ni yeye aliyemfundisha Jovia, alipokuwa mgeni, kukaza namna hiyo.

Mzee akachomoa kitambulisho. "Hii haitoshe?"

"Kinamtosha polisi, mzee wangu. Hakimtoshi msomaji wa mbali ambaye hawezi kukiona, na mimi sina ruhusa ya kuanika karatasi zako mbele ya dunia. Nikiandika kwa sababu nimekuona kwa macho, kesho mwingine ataandika kwamba yeye amewaona wafu wanatembea. Tutamkatalia vipi?"

"Donc mpaka karatasi iseme."

"Karatasi, au chochote kilichochapishwa ambacho Jovia kule Bukoba, na Belise kule Lubumbashi, wanaweza kukifikia wenyewe. Ngoja. Hebu tuone hicho chanzo cha kifo chako kinasimamia mguu gani."

Akabofya tanbihi. Ikamfikisha kwenye tovuti ya habari za burudani: mwimbaji mkongwe Théoneste Barihuta alifariki 2009. Nani kasema? Chini kabisa, kwa herufi ndogo: "kwa mujibu wa kamusi elezo." Laurence akarudia kusoma. Kamusi ilisema amekufa kwa sababu tovuti ilisema. Tovuti ilisema kwa sababu kamusi ilisema. Mtu na kivuli chake, kila mmoja anamwapia mwenzake, na katikati hakuna aliyeona maiti.

Akatafuta kwingine. Tovuti ya tatu, ya vijana wa Kigali, ikamshangaza zaidi. Ilikuwa na jina lile lile, kwaya ile ile, na imeandikwa: mtoto mwenye kipaji, aliyezaliwa mwaka 2009.

Alipomsomea, mzee alicheka. "Yebaba we! Niko mufu, na niko mutoto!" Kicheko kikageuka kikohozi, kikavu, chenye mkia mwembamba kama mluzi. Mbwa kizingitini aliinua kichwa kwa mara ya kwanza.

"Mzee," Laurence akasema taratibu, "mwaka 2009 kulitokea nini?"

"Kitu haikutokea. Niliacha Goma, nikakuja kukaa huku Mbugangari. Nilivuka tu."

"Sema tena?"

"Nilivuka."

Mkono wa Laurence ulibaki juu ya meza. Neno hilo alikuwa amelisikia kila siku ya maisha yake na hakuwahi kulitazama usoni. Kwa watu wa Petite Barrière, kuvuka ni kuonyesha karatasi na kwenda Goma na beseni la nyanya, jioni ukarudi. Kwa Mnyarwanda, katika lugha ya nyumbani kwake, kuvuka ni kuzaliwa. Na kule Karagwe alikokulia, kanisani kwao, mchungaji aliposimama kaburini hakusema fulani amekufa. Alisema ndugu yetu amevuka, yuko ng'ambo. Neno moja, milango mitatu. Mtu mmoja alikuwa ameingia katika yote, na mlango aliopita kweli ndio pekee ambao hakuna aliyeuandika.

Lakini kujua si chanzo. Laurence alifungua historia ya ukurasa, pale ambapo kila badiliko limehifadhiwa hata likifutwa, akashuka hadi chini, kwenye mkono wa kwanza ulioandika kifo. Ulikuwa mkono usio na jina. Ulikuwa umeweka chanzo chake, siku hizo kabla tovuti ya burudani haijachukua nafasi: kipindi cha redio moja ya Goma, cha mwaka 2016, kuhusu kwaya za zamani. Rekodi ilikuwa bado ipo kwenye tovuti ya redio.

"Pulchérie alikuwa anaongea pale," mzee akasema. "Dada yetu wa sauti ya kwanza."

"Yuko wapi, tumwulize?"

"Yeye njo alikufa. Mwaka uliopita. Mi mwenyewe nilibeba sanduku."

Laurence akaanzisha rekodi. Spika ndogo zilikwaruza, kisha sauti ya mwanamke mzee, changamfu, ikajaa ile sebule tupu. Mzee Théoneste alifumba macho. Mtangazaji aliuliza habari za waimbaji mmoja mmoja, na Pulchérie akawataja: ule ameoa, ule ni pasta. "Na Théoneste, mwenye gitaa?"

"Théoneste?" akasema marehemu Pulchérie. "Ah, ule alishavuka. Mwaka wa 2009. Tulilia sana."

"Pole, mama," mtangazaji akasema.

Na hapo, nyuma ya sauti zao, mbali kidogo na kipaza sauti, mtu alikohoa. Kikohozi kikavu, chenye mkia mwembamba kama mluzi.

Laurence akageuka. Mzee alikuwa ameketi, macho yamefumbwa, midomo imefungwa, mikono juu ya kofia. Rugwiro aliyekuwa mlangoni alirudi nyuma hatua na kujishika kifua. Kwa kitambo hicho Laurence mwenyewe, mwanamke wa vyanzo, hakuwa na hakika ni yupi aliye hai mle ndani: aliyekohoa kwenye mashine, au aliyenyamaza kwenye kiti.

"Njo mi ule," mzee akasema bila kufumbua macho. "Nilikuwa nyuma yake, kwa benchi. Nangoja zamu."

"Zamu ya nini?"

"Usizime, mama. Acha iende."

Akaiacha. Yakapita matangazo ya sabuni. Zikapita salamu za wasikilizaji, ndefu mno, na hapana shaka ndipo mkono usio na jina ulipochoka ukazima. Kisha mtangazaji akarudi, anacheka: "Mama Pulchérie, umenitisha bure! Kumbe ng'ambo yenyewe ni Gisenyi. Wasikilizaji, asubuhi hii amevuka mpaka kuja kwetu, huyu hapa na gitaa yake, baba Théoneste Barihuta mwenyewe."

Gitaa likaanza. Sauti ikaimba, ya mzee tayari, imekwaruzika, lakini imeshika noti zake zote.

Rugwiro akatoa pumzi. "Mama Redio, kumbe mazuku ya huyu mzee ni uvivu wa mtu kusikiliza tu."

Laurence hakuandika kwa hasira wala kwa furaha. Aliandika kama anavyoandika siku zote. Kwenye majadiliano akaeleza neno na milango yake mitatu. Akaweka kiungo cha rekodi, dakika ambayo Pulchérie anasema "alishavuka", na dakika ambayo mtangazaji anamkaribisha mhusika. Akaonyesha namna tovuti ya burudani ilivyochota kutoka kwao wenyewe, kwa hiyo haifai kuwashuhudia. Akamalizia: "Hakuna chanzo cha kifo. Asiye na chanzo cha kifo ahesabiwe yu hai. Jovia, tafadhali usiniamini. Sikiliza mwenyewe, mpaka mwisho."

Mzee akaenda zake. Jibu lilikuja alasiri. "Nimesikiliza mpaka mwisho," Jovia aliandika. "Hata mimi, kwa masikio ya kanisa letu, nilipofika kwenye lile neno nilisema Bwana ametoa. Kisha kile kikohozi. Dada, nimelazimika kuwasha taa mchana. Badilisha."

Laurence akabadilisha. "Théoneste Barihuta, aliyezaliwa Goma mwaka 1953, ni mwimbaji na mtunzi." Hakuwahi kuona neno dogo kama "ni" likibeba mzigo mkubwa hivyo.

Kesho yake mzee alirudi. Walipiga simu pamoja. Ikalia muda mrefu. Ikapokelewa.

"Belise," mzee akasema. "Enda uangalie. Banaandika."

"Niliona." Sauti ilikuwa ndogo. "Nilisikia na ile redio. Niliirudilia usiku kucha. Ule mwenye alikohoa..."

"Njo mi."

"Baba alikuwa anakohoa vile akinibeba mugongoni. Lakini mashine inaweza kuiba kikohozi pia. Imba. Usiimbe ile ya redio. Imba ile ya kunilaza."

Mzee alisimama. Alivua kofia, kana kwamba mtoto alikuwa anamwona, akaimba kitu kifupi cha Kinyarwanda kuhusu mvua inayoomba mlango ifunguliwe. Ulikuwa wimbo wa nyumbani tu, hakuna redio iliyowahi kuurusha. Laurence aliinamisha kichwa, maana aliona si haki kusikiliza. Upande wa pili ikaanza kuingia sauti ya mwanamke, chini chini, inapotea, inarudi. Walipofika mwisho Belise akasema, "Papa," na baada ya hapo maneno hayakueleweka tena.

Walipatana kukutana Goma, kwa ndugu wa upande wa mama, Belise atakapofika na mtoto.

Siku ilipofika, ukungu ulikuwa mzito kuliko ule wa kwanza. Mzee alipita kuaga, koti limefungwa hadi shingoni, na kwapani ana gitaa lililofunikwa na mfuko wa mbolea. Laurence alikuwa amechungulia mtandao kabla hajafika. Kamusi ilimwita hai. Tovuti ya burudani, ingawa alishaiandikia, bado ilimwita marehemu, na ile ya Kigali bado ilikuwa na mtoto wake wa 2009, ambaye kwa hesabu hiyo sasa ni kijana anayeota ndevu. Hakumwambia.

"Bon, Mama Redio," mzee akasema. "Mi navuka."

Laurence akainuka kitini. Mzee alikuwa amekwisha kugeuka. Ukungu ulikuwa umemchukua miguu, na mbwa, kama siku ile, hakumbwekea.

"Unavuka kwenda wapi, mzee?" akaita, kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia.

Mzee akasimama. Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi. "Goma, mama. Kwa mutoto. Goma tu!"

Akaingia ndani ya weupe. Laurence alimtuma Rugwiro amfuate hadi Petite Barrière, na Rugwiro, kwa mara ya kwanza, hakumtania. Alirudi akasema alimwona akionyesha karatasi, akaingia kati ya akina mama wenye mabeseni, akawa mgongo mmoja kati ya migongo, kisha hakumwona tena.

Siku hiyo Laurence hakuhariri chochote. Alikaa akisikiliza ziwa.

Alasiri simu yake ililia, namba ya Kongo. Alipokea akasema allo. Kulikuwa na vyombo, watu wengi, kiti kinavutwa. Halafu, kabla ya neno lolote, kikaja kikohozi, kikavu, na mkia wake. Na mahali fulani nyuma yake mwanamke aliita, sasa bila machozi:

"Théo! Kuya kula!"

"Karame!" ikaitika sauti ya mzee.

"Oui, maman!" ikaitika ya mtoto, wakati ule ule, na chumba kizima kikaangua kicheko.

Laurence alicheka peke yake pale mapokezi, akafuta macho kwa kiganja. Aliutazama ukurasa kwenye kompyuta, ukiwa bado wazi. Hakuongeza kitu. Simu si chanzo.